Mchicha na Hati ya Kiwanja

Ndugu msomaji, kama unakaa mjini, bila shaka mtaani kwenu kipo kiwanja ambacho watu wachache tu wajua ni cha nani. Mawe ya mpaka yapo, lakini nyumba haipo. Kwanza huota majani. Kisha watu hutupa taka. Halafu siku moja mama mmoja huja na jembe, hufyeka, hupiga matuta mawili na kumwaga mbegu za mchicha. Baada ya wiki nne amekwisha vuna. Jirani yake aona, naye aja na jembe lake. Mwaka haujaisha, pale palipokuwa jaa pamekuwa shamba.

Habari ya leo ni ya shamba la namna hiyo. Nimeazimia kuieleza kwa sababu mbili. Ya kwanza, yaliyotupata mtaani kwetu yanaipata mitaa mingi. Ya pili, mimi mwenyewe nina lawama ndani yake, wala si vema mtu afundishe wenzake huku akificha kosa lake.

KIWANJA CHA MZEE

Mtaa wetu uko upande ule wa Dar es Salaam uliopimwa viwanja katika miaka ya 1970, wakati Serikali ilipogawa viwanja vya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Wengi wa majirani zetu walipata viwanja vyao kwa barua tu na subira: makarani, madereva, wauguzi. Waliokuwa na fedha walijenga upesi. Wengine walihamishwa kikazi, wengine waliuguliwa, wengine walijenga msingi wakaishia hapo. Hivyo viwanja vichache vilikaa vitupu miaka mingi.

Kimoja kilikuwa cha mzee aliyekaa nyumba ya tatu kutoka hapo. Mwaka 2011 nyoka alionekana katika majani yake. Mzee akawaita akina mama wanne, majirani zake, akawaambia, "Fyekeni, limeni, mpate mboga." Ndivyo walivyoanza. Wanne wakawa kumi na mmoja. Walichimba kisima kifupi pembeni, wakaleta samadi ya kuku kwa viroba, wakapiga matuta thelathini na sita. Kila mama alikuwa na matuta matatu. Matatu yaliyobaki yalikuwa ya mjane mmoja mgonjwa, nao walimlimia kwa zamu.

Walipanda mchicha, matembele, chainizi na bamia. Wachuuzi wa sokoni walikuja alfajiri wakanunua tuta zima likiwa bado shambani, wakang'oa wenyewe. Fedha ile haikuwa nyingi, lakini ilikuwa ya kila wiki. Ilinunua madaftari na sare, ililipa nauli ya kwenda hospitali, na jioni ilileta mafuta ya kula. Tena watoto waliacha kuchezea taka, na wezi waliacha kujificha pale usiku.

Yule mzee alifariki dunia mwaka 2019. Mwanzoni mwa mwaka 2024 mwanawe mkubwa, aliyekuwa akifanya kazi Mwanza, alirudi na hati mkononi.

Nilikuwapo asubuhi ile. Alisimama ukingoni mwa matuta, viatu vyake safi, akamwamkia mama aliye mkubwa kupita wote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi? Karibu. Mke na watoto hawajambo?"

"Hawajambo, mama. Mama, sikuja kugombana. Kiwanja hiki ni cha marehemu baba, na sisi wanawe twataka kujenga."

"Marehemu babako ndiye aliyetwambia tulime."

"Aliwaandikia?"

"Karatasi ya nini, mwanangu? Alikuwa jirani."

Yule kijana akatazama chini. Mama yule naye akainama akaendelea kupalilia. Nami nikaondoka kimya kimya, maana moyo wangu ulikuwa unanishitaki.

Sababu ni hii. Katika mwaka wa mwisho wa maisha yake, macho ya mzee yalikuwa yamepungua nguvu, nami nilikuwa nikimwandikia barua zake. Nalisoma chuo cha ualimu kabla ya kushika kazi ya ukarani wa parokia, na mwandiko wangu wasomeka. Siku moja aliniambia, "Karani, yafaa tuandike na habari ya wale mama, wasije wakasumbuliwa nikiondoka." Nikajibu, "Naam mzee, wiki ijayo." Wiki ijayo nilikuwa na shughuli. Ile iliyofuata, yeye alikuwa hospitali. Barua ile haikuandikwa kamwe.

Basi, msomaji, kabla hujasema nani ana haki, yule mwenye hati au wale wenye majembe, tusafiri kwanza kidogo. Mambo haya yamewapata watu wa miji mikubwa kuliko wetu, na mwenye busara hujifunza kwa jeraha la mwenzake.

YALIYOTOKEA NEW YORK

Huenda wadhani mji wa New York ulikuwa tajiri siku zote. La, sivyo. Katika miaka ya 1970 ulikuwa katika dhiki kubwa. Viwanda vilifungwa na watu wenye uwezo walihama. Katika mitaa ya maskini wenye nyumba za kupangisha waliacha kulipa kodi, wakazitelekeza. Nyingine ziliungua, na nyingine zilichomwa makusudi ili bima ilipe. Mwaka 1975 serikali ya mji nusura ifilisike. Ikajikuta imeshika viwanja maelfu vilivyojaa vifusi na panya.

Mwaka 1973 msanii mmoja, Bibi Liz Christy, pamoja na rafiki zake, walisafisha kiwanja kwenye njia panda ya barabara za Bowery na Houston. Kikundi chao kilijiita Green Guerillas, maana yake wapiganaji wa msituni wa kijani. Penye ua usioingilika walirusha mbegu zilizofungwa pamoja na mbolea, ziote zenyewe. Mwaka 1974 serikali ya mji ilikubali kuwakodisha kiwanja kile kwa dola 1 kwa mwezi. Mwaka 1978 ukaanzishwa mpango wa GreenThumb, na bustani nyingi zikapata mikataba ya dola 1 kwa mwaka. Watu wa asili ya Puerto Rico walijenga katika bustani zao vibanda vya mbao kama vya kwao, wakapiga ngoma na kulea watoto humo.

Lakini angalia jambo moja. Mikataba ile ilikuwa ya muda. Kiwanja kilibaki mali ya mji, na mji uliweza kukitaka siku yoyote. Wakati hakuna aliyekitaka, neno hilo halikumwumiza mtu. Miaka ishirini baadaye liliumiza.

Katika miaka ya 1990 watu wenye fedha walirudi katika mitaa ile ile. Bei ya ardhi ikapanda. Mwaka 1998 viwanja vya bustani mamia viliwekwa chini ya idara ya nyumba, na Januari 1999 ikatangazwa kwamba bustani 114 zitapigwa mnada mwezi Mei. Meya Rudolph Giuliani alieleza redioni kwamba nchi yao ni ya soko huria na kwamba siku za ukomunisti zimekwisha pita. Wakulima wa mjini walikwenda mahakamani, wakaandamana, wakaimba barabarani. Mmoja alipanda mti karibu na ofisi ya Meya akiwa amevaa kama ua la alizeti. Siku moja kabla ya mnada, mashirika mawili yalikubali kuzinunua bustani zote 114 kwa dola zipatazo milioni 4.2. Moja lilikuwa Trust for Public Land, na la pili ni New York Restoration Project, lililoanzishwa na mwimbaji Bette Midler.

Hata hivyo nyingine hazikuokoka. Katika barabara ya 7 Mashariki palikuwa na bustani iliyoitwa Esperanza, yaani Tumaini. Watetezi wake walijenga chura mkubwa, mfano wa yule chura mdogo wa Puerto Rico aitwaye coquí, wakalala ndani yake kwa zamu wakilinda usiku. Tarehe 15 Februari 2000 katapila lilikuja. Watu walikuwa wamejifunga kwa minyororo, polisi wakawakata minyororo na kuwakamata. Siku hiyo hiyo wanasheria wa Jimbo walikuwa mahakamani, na amri ya kusimamisha ubomoaji ikatolewa. Kwa Esperanza ilikuwa imechelewa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mwisho wake, mwezi Septemba 2002, Meya mpya Michael Bloomberg na Mwanasheria Mkuu wa Jimbo, Eliot Spitzer, walipatana. Bustani kama 200 zaidi zilipewa ulinzi, 38 ziliruhusiwa kujengwa mara moja, na nyingine zaidi ya 100 ziliwekewa utaratibu wa kuchunguzwa kabla ya kuguswa.

Nataka tuwe wa haki. Waliotaka kujenga walisema kwamba mji unahitaji nyumba, na hilo lilikuwa kweli. Mtu asiye na pa kulala hawezi kulala juu ya tuta la nyanya. Ila palipokuwa Esperanza palijengwa jumba ambalo sehemu kubwa ya vyumba vyake haikuwa ya maskini. Basi kila asemapo mtu, "Twataka kiwanja tujenge nyumba za watu," yafaa kuuliza kwa adabu, "Watu gani?"

BUSTANI YAPANDISHA BEI

Kuna jambo jingine la kushangaza. Mwaka 2008 wataalamu wawili, Ioan Voicu na Vicki Been, walichapisha uchunguzi wao juu ya bustani hizo za New York. Waliona kwamba bustani ikifunguliwa, bei ya nyumba zilizo katika futi 1,000 kuizunguka hupanda, na katika mitaa iliyo maskini zaidi yaweza kupanda kwa asilimia zaidi ya 9 katika miaka mitano.

Je, wafahamu maana yake? Mama asafisha jaa. Mtaa wapendeza. Mgeni apita, asema, "Hapa pazuri, nitanunua." Bei yapanda, kodi ya pango nayo yapanda. Na wa kwanza kushindwa kulipa ni yule yule mama aliyesafisha. Amefanya kazi njema, na kazi yake njema imemfukuza.

Kwetu ndivyo ilivyokuwa. Kiwanja kilipokuwa jaa, hakuna mnunuzi aliyekiuliza. Kilipokuwa kijani, na nyumba za vyumba sita zilipoanza kubomolewa ili kujengwa maghorofa, madalali walikuwa wakipita kila Jumamosi.

YA LOS ANGELES

Nakueleza na ya pili, iliyo chungu zaidi, kwa sababu inafanana na yetu kwa habari ya hati.

Mwaka 1986 serikali ya mji wa Los Angeles ilitwaa kwa nguvu ya sheria ardhi ya ekari 14 upande wa kusini wa mji, ili ijenge tanuri la kuchomea taka. Wakazi wa pale, wengi wao Wamarekani weusi, walipinga wakashinda, na tanuri halikujengwa. Ardhi ikabaki tupu. Baada ya machafuko makubwa ya mwaka 1992, shirika la kugawa chakula kwa wahitaji liliruhusiwa kuitumia, nalo likawakatia watu vitalu. Familia zipatazo 350, nyingi kutoka Mexico na nchi za Amerika ya Kati, zililima humo mahindi, maharage, mboga na miti ya matunda.

Lakini waliokuwa wenye ardhi ile zamani hawakunyamaza. Walisema, "Mlitutwalia ili mjenge tanuri. Hamkujenga. Turudishieni." Wakashitaki. Mwaka 2003, katika kikao cha faragha, mji ulikubali kuirudisha kwa mmoja wao kwa dola milioni 5 hivi. Wakulima hawakuwamo kikaoni. Walipata habari jambo limekwisha.

Walikwenda mahakamani wakashindwa. Waliambiwa wanunue, na bei iliyotakwa ilikuwa dola zaidi ya milioni 16. Ahadi za fedha zilipatikana kwa wafadhili, ila kwa kuchelewa, na baada ya maneno makali ya pande zote mbili mwenye ardhi hakutaka tena kuwauzia. Tarehe 13 Juni 2006 polisi waliwatoa, na mwezi uliofuata makatapila yalifyeka yote. Kisha kiwanja kile kikakaa kitupu miaka mingi. Baadhi ya wakulima walipata vitalu kwingine, chini ya nyaya kubwa za umeme, kama tuwaonavyo wenzetu wa Dar es Salaam wakilima chini ya nyaya. Mwaka 2008 filamu ya habari ile, iitwayo The Garden, ilitolewa, na ilipendekezwa kwa tuzo ya Oscar.

Nani alikosa? Mwenye ardhi alikuwa na dai lake. Wakulima walikuwa na jasho lao. Kwa maoni yangu kosa kubwa lilikuwa la wale waliowaacha watu walime miaka mingi, kisha wakapatana faraghani juu ya ardhi ile bila kuwashirikisha.

NASI TUNA SHERIA GANI?

Hapa Tanzania mambo ya ardhi si sawa na ya Marekani. Umiliki wa ardhi wa milele, tuliorithi kwa wakoloni, ulifutwa kwa sheria ya mwaka 1963. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 yasema ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Tulicho nacho ni haki ya kuitumia kwa muda, kwa mfano miaka 33, 66 au 99. Tena hati huja na masharti, na la kawaida kwa kiwanja cha mjini ni kukiendeleza. Anayekaa na kiwanja bila kukijenga wala kulipa kodi ya ardhi asijidhani yu salama.

Kulima mjini nako si jambo geni wala la aibu. Mwaka 1974, njaa ilipotisha, Serikali yenyewe ilitangaza Kilimo cha Kufa na Kupona, na watu wa mjini wakaambiwa washike majembe. Kanuni za mwaka 1992 zilikubali kilimo cha mijini, kwa masharti, na ziliweka kikomo cha ekari 3 kwa mtu mmoja. Hata leo mchicha mwingi uliwao Dar es Salaam hulimwa humo humo mjini: mabondeni, kando ya mito, chini ya nyaya, na katika viwanja visivyojengwa.

Sasa, barazani husemwa neno moja ambalo limewaponza wengi: "Nimekaa miaka 12, kiwanja ni changu." Vijana wa mtaa wetu waliwaambia akina mama hivyo hivyo, maana walikuwa wamelima miaka 13. Ni kweli kwamba Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 yaweka miaka 12 kwa mtu kufungua kesi ya kudai ardhi. Lakini aliyeingia kwa ruhusa ya mwenyewe hawezi kuigeuza ruhusa ile kuwa umiliki kwa sababu tu miaka imepita. Akina mama wale waliingia kwa ruhusa, nao hawakuficha. Kumbe ule wema wa mzee, ambao ulikuwa fahari yao, ndio uliowanyima dai la miaka 12. Nao hawakutaka kusema uongo mbele ya watu ili walipate.

TULIVYOMALIZA

Mwenyekiti wa mtaa alituita sote chini ya mwembe wake. Kulikuwa na maneno. Kijana mmoja alisema matofali yakija atayavunja. Mmoja wa dada zake yule mrithi akajibu kwamba ataita polisi. Nikaona yakiachwa hivyo yatafika mbali, nikasimama. Nikaeleza yale niliyokueleza wewe, kwamba mzee alitaka habari ya akina mama iandikwe, na kwamba mimi niliahirisha.

Pakawa kimya. Mrithi akaniuliza, "Kaka, mbona hukuandika?"

Sikuwa na jibu. Nikasema tu, "Nilidhani muda upo."

Akakaa akifikiri. Halafu akatueleza ya kwake, ambayo sisi hatukuyajua. Wako ndugu wanne wenye haki katika kiwanja kile. Mdogo wao ana watoto na hana kazi. Wamekopa benki ili wajenge fremu za maduka, na mkopo hausubiri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye deni.

Yule mama mkubwa akasema, "Mwanangu, sisi hatukunyang'anyi cha babako. Tupe muda tuvune, na mwenzetu mgonjwa umfikirie."

Ndipo tulipopatana. Akina mama walipewa miezi sita, hadi mwisho wa Agosti 2024. Udongo wa juu na samadi yao waliruhusiwa kuhamisha. Mrithi aliacha ukanda mwembamba nyuma ya fremu, wenye kutosha matuta matatu, kwa ajili ya yule mjane mgonjwa maadamu yu hai. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo karibu, kwa kibali cha kamati ya shule, aliwapa sehemu ya uwanja wa nyuma kwa mkataba wa miaka mitatu, nao watoe mboga za chakula cha mchana cha watoto kila Ijumaa. Safari hii niliandika mimi mwenyewe, nakala nne, na kila mmoja akatia sahihi au dole gumba.

Nisikudanganye, msomaji, kwamba wote walifurahi. Saba walikwenda shuleni. Wanne hawakwenda, kwa sababu ni mbali na kichwa hakibebi maji umbali ule. Mmoja wa wanne hao sasa afua nguo za watu. Nikikutana naye huniamkia vizuri kama zamani, na ndiyo yaniumizayo zaidi.

YAFAA KUFANYA NINI?

Kwa hiyo, wewe ulimaye katika kiwanja kisicho chako, na wewe mwenye kiwanja kilicho kitupu, sikilizeni maneno haya machache.

Kwanza, jueni mwenyewe ni nani. Ofisi ya serikali ya mtaa itawaelekeza, na ofisi ya ardhi ya halmashauri yaweza kutafuta katika kumbukumbu zake kwa ada. Kama mahali ni bondeni, barabarani au chini ya nyaya za umeme, ulizeni mapema, maana hapo hata mwenye huruma hana ruhusa ya kutoa.

Pili, ombeni karatasi wakati wa amani. Si lazima iwe ndefu. Iseme: nani ampa nani, kiwanja gani, kwa muda gani, kwa malipo gani au bure, na atakayetaka kukitwaa atatoa taarifa ya miezi mingapi. Iwe na mashahidi. Mwenye kiwanja asiiogope karatasi hii, maana yamlinda yeye pia: yathibitisha kwamba mlimaji aliingia kwa ruhusa.

Tatu, usipande miti wala kujenga cha kudumu mahali pa muda. Mchicha wa wiki nne hauogopi taarifa ya miezi sita. Mwembe wauogopa.

Nne, mwenye kiwanja, ukiamua kujenga, sema mapema, na useme mwenyewe kwa kinywa chako. Usimtume dalali. Na akina mama waliokisafisha kiwanja chako wamekuongezea thamani. Kuwapa muda wa kuvuna si sadaka, ni kulipa deni.

Tano, mkigombana, msikimbilie mapanga wala magazeti. Anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa. Liko pia Baraza la Kata, ambalo sheria ya mwaka 2021 ililiondolea kazi ya kuhukumu mashauri ya ardhi na kuliachia ile ya kusuluhisha. Na juu yake liko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mapatano ya mapema hugharimu soda na karatasi. Kesi hugharimu miaka.

Na neno la mwisho nawaambia wenzangu tuliosoma kidogo: makarani, walimu, wazee wa mitaa, vijana wa sekondari. Jirani asiyejua kuandika akikuambia, "Niandikie," andika siku hiyo hiyo. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nilikuwa na daftari, nilikuwa na kalamu, tena nilikuwa na mwandiko mzuri. Lililokosekana ni kuchukua dakika kumi siku ile mzee alipoziomba.

Leo jioni ukirudi nyumbani, pita kwenye kile kiwanja cha mtaani kwenu. Waamkie walimao. Kisha waulize kwa upole kama wanayo karatasi.